Kupima Vimeng'enya Vinavyojenga Zailani kwenye Miche ya Ngano: Mwongozo Kamili

Ukuta wa seli ya mmea hujengwa kwa minyororo mirefu ya sukari: selulosi, hemiselulosi na pektini. Selulosi hufumwa kwenye utando wa nje wa seli na vimeng'enya vya kundi la CESA. Hemiselulosi na pektini hujengwa kwingine, ndani ya Golgi (sehemu ya seli inayotengeneza na kufungasha bidhaa zake), kisha hupakiwa kwenye vifuko na kupelekwa ukutani. Zailani ni mojawapo ya hemiselulosi hizo: mnyororo wa zailosi zilizoshikana kwa kifungo cha beta-1,4, ukiwa na matawi ya asidi ya glukuroni, arabinosi na vikundi vya asetili kulingana na mmea. Katika nyasi na nafaka, zailani ndiyo hemiselulosi kuu, kwa hiyo ngano ni mahali pazuri pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuona vimeng'enya hivi vikifanya kazi kwenye tyubu.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupata tando zenye vimeng'enya hivyo kutoka miche ya ngano iliyooteshwa gizani, kuzipa UDP-zailosi (zailosi iliyobebwa na UDP, tayari kuunganishwa) pamoja na kipande kifupi cha zailani chenye alama inayong'aa, na kuhesabu ni zailosi ngapi zilizoongezwa. Hautumii mionzi. Njia ya zamani ya UDP-zailosi yenye kaboni-14 ni nyepesi kuhisi hata shughuli ndogo sana, lakini inadai kibali, chumba maalumu na utaratibu wa kutupa taka, na kitu kikubwa zaidi: inakuonyesha kwamba zailosi imeganda kwenye mashapo bila kukuonyesha imeganda kwenye nini. Njia ya alama inayong'aa hukuonyesha kila mnyororo kwa urefu wake.

Kinachopimwa

Kimeng'enya huchukua zailosi kutoka UDP-zailosi na kuiunganisha kwenye ncha ya mnyororo ulio tayari. UDP hubaki. Mnyororo huo tunauita kipokezi. Hapa kipokezi ni zailosi sita zilizoungana, zailoheksaosi, iliyofungwa rangi ya 2-aminobenzamidi (2-AB) kwenye ncha yenye aldehaidi. Ncha hiyo ikishafungwa haiongezwi kitu. Zailosi mpya huingia upande wa pili. Kila mnyororo una rangi moja tu, uwe na zailosi sita au kumi, na kwa sababu hiyo ukubwa wa mwanga unasema idadi ya minyororo moja kwa moja, bila kusahihisha kwa urefu. Sifa hii ndiyo inayorahisisha hesabu zote za mbele.

Protini zinazohusika katika Arabidopsis zinajulikana kwa majina IRX9 na IRX14 za familia ya GT43 (GT ni kundi la vimeng'enya vinavyohamisha sukari), na IRX10 ya familia ya GT47. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba IRX10 na ndugu yake IRX10-L zinaweza kuunganisha zailosi kwa zailosi zenyewe. Ngano ina protini za familia hizo hizo, zikiwa kwenye mkusanyiko mmoja. Maikrosomu za miche, yaani vifuko vidogo vya tando vinavyopatikana tishu ikisagwa, hazikupi protini moja safi. Zinakupa shughuli ya mkusanyiko mzima, na hilo liandikwe hivyo kwenye ripoti.

Miche

Usinunue mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya ukungu, ile yenye rangi nyekundu au ya waridi. Dawa hiyo huingia kwenye mchanganyiko wako na pia si salama kusaga kwa mkono. Nunua ngano ya nafaka, ya mavuno ya karibuni, ujaribu kwanza kama inaota.

1. Osha gramu 100 za ngano, loweka dakika 10 kwenye sodiamu hipokloraiti ya asilimia 1, kisha suuza kwa maji safi mpaka harufu ya klorini iishe.
2. Loweka kwenye maji safi saa 4 hivi. Zikilala usiku kucha ndani ya maji mengi bila hewa, nyingi huoza.
3. Tandaza tabaka moja juu ya vemikulaiti au karatasi nzito iliyolowa, funika, weka gizani kwenye nyuzi 25.
4. Nyunyiza maji kila siku. Vuna siku ya 5 au ya 6, vichipukizi vikiwa sentimita 6 hadi 10.

Giza lina sababu zake. Mche usioona mwanga hurefuka haraka, nao unaporefuka unajenga ukuta kwa kasi. Zaidi ya hapo, hauna klorofili, kwa hiyo tando zako hazichanganyiki na vipande vya kijani vya kloroplasti. Mche uliokaa siku 9 una tishu ngumu zaidi na shughuli ndogo kwa kila miligramu ya protini. Kata vichipukizi juu kidogo ya punje, tupa mizizi na punje, na uanze kazi saa hiyo hiyo. Punje ikiingia, wanga wake utajaza tyubu zako.

Bafa ya kusagia

Kwa mililita 100:

- HEPES gramu 1.19 (50 mM)
- sukrosi gramu 13.7 (0.4 M)
- potasiamu kloraidi miligramu 75 (10 mM)
- PVPP gramu 1, iloweshwe humo usiku kucha kwenye baridi

Rekebisha pH iwe 7.0 kwa potasiamu haidroksaidi kabla ya kutia PVPP. Asubuhi ya kazi, tia DTT, inayolinda protini zisioksidishwe, miligramu 15.4 (1 mM). PMSF, inayozuia vimeng'enya vinavyokata protini, itiwe mwisho kabisa, mililita 1 ya myeyusho wa 100 mM ulioyeyushwa kwenye isopropanoli (miligramu 17.4 kwa mililita), wakati mchi uko mkononi. PMSF hufa ndani ya maji. Kwenye pH 7 na joto la chumba nusu yake huisha ndani ya saa mbili hivi. Bafa iliyotiwa PMSF jana haina kinga yoyote leo. Ni sumu pia, hasa ikiwa unga, kwa hiyo vaa glavu na uipime kwenye kabati la kuvuta hewa.

Sukrosi huzuia vifuko kupasuka. PVPP hunasa fenoli, ambazo zikiachwa huganda na protini na kuugeuza mchanganyiko kuwa kahawia. EDTA imeachwa nje kwa makusudi, maana hapo mbeleni tunahitaji mangani na EDTA ingeinyakua.

Kusaga na kupata maikrosomu

Kila kitu kiwe kwenye barafu: kinu, mchi, chupa, hata kitambaa cha kuchujia. Katika maabara ya Mombasa au Dar es Salaam ambako chumba hufika nyuzi 30, kinu cha kauri kilale kwenye friza usiku kucha, kwa sababu kauri nene huchukua muda mrefu kupoa na huanza kupasha joto mchanganyiko bila wewe kuhisi.

1. Kata gramu 20 za vichipukizi vipande vya nusu sentimita ndani ya kinu, mimina mililita 40 za bafa, saga kwa nguvu dakika 3 hadi 5. Tumia kinu badala ya blenda: visu vya blenda hutia povu, na povu huharibu protini.
2. Chuja kupitia kitambaa cha nailoni chenye matundu madogo, tabaka mbili. Kamua kwa upole.
3. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g, dakika 10, nyuzi 4. Mashapo ni vipande vya ukuta, wanga, viini na sehemu kubwa ya mitokondria. Yatupe.
4. Hamishia maji ya juu kwenye tyubu za sentrifuji ya kasi kubwa, zungusha kwa 100,000 g, dakika 60, nyuzi 4.
5. Mwaga maji ya juu. Mashapo madogo yenye rangi ya maziwa yanayoelekea njano ndiyo maikrosomu. Yafumue kwa brashi laini au mchi mdogo ndani ya mikrolita 500 za bafa ya HEPES 50 mM, pH 6.8, yenye sukrosi 0.4 M. Usivute na kusukuma kwa pipeti yenye ncha nyembamba. Fumua mpaka pasiwe na madonge.

Namba ya g si namba ya mizunguko. Kila rota ina nusu kipenyo chake, na hesabu ni hii: g = 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa dakika ikizidishwa yenyewe. Rota ya sentimita 8 inahitaji mizunguko kama 33,400 kwa dakika kufika 100,000 g. Kunakili mizunguko kutoka kwenye makala ya mtu mwingine bila kujua rota yake ni chanzo cha mavuno madogo yasiyoelezeka.

Maabara nyingi hazina sentrifuji ya kasi hiyo. Bado inawezekana kwa sentrifuji ndogo ya mezani yenye baridi inayofika 21,000 g. Siri iko kwenye umbali ambao vifuko vinapaswa kushuka. Changanya maji ya juu ya hatua ya 3 na maji baridi kwa kiasi sawa ili sukrosi iwe nyepesi, gawanya mikrolita 200 tu kwa kila tyubu ya mililita 1.5, na uzungushe kwa saa 2. Safu ni fupi, kwa hiyo vifuko vinafika chini hata kwa kasi ndogo. Utatumia tyubu nyingi, lakini kwa kipimo hiki mililita 4 za mchanganyiko zinatosha.

Pima protini kwa njia ya Bradford kabla ya kutia sabuni yoyote, maana Triton X-100 huitia rangi Bradford na kukupa namba ya uongo. Lenga miligramu 4 kwa mililita. Gawanya mikrolita 50 kwa tyubu, gandisha kwa naitrojeni ya maji, hifadhi kwenye nyuzi hasi 80. Tyubu ikiyeyushwa mara moja haigandishwi tena. Kama umeme hukatika ovyo na friza yako haina jenereta, pima siku ile ile uliyosaga. Maikrosomu zilizoyeyuka na kuganda tena huonekana zima kabisa kwa macho na hazifanyi kazi.

Kutengeneza kipokezi chenye alama

Zailoheksaosi safi huuzwa na kampuni za sukari za utafiti kama Megazyme ya Ireland. Zailopentaosi (zailosi tano) nayo inafaa. Zailotetraosi (nne) hupokea kwa unyonge zaidi, na zailobiosi (mbili) usijisumbue nayo kwa kuanzia.

Andaa kiyeyushi cha DMSO na asidi asetiki kwa uwiano wa 7 kwa 3. Katika mililita 1 yeyusha 2-AB miligramu 48 na 2-pikolini borani miligramu 107. Maelekezo mengi ya zamani hutumia sodiamu sayanoborohaidraidi mahali pa pikolini borani. Hiyo ikikutana na asidi hutoa gesi ya sianidi, na hakuna sababu ya kuingia kwenye hatari hiyo wakati pikolini borani inafanya kazi sawa.

1. Kausha miligramu 1 ya zailoheksaosi (mikromoli 1.23) ndani ya tyubu yenye kifuniko cha skrubu.
2. Tia mikrolita 100 za mchanganyiko wa rangi. Hapo 2-AB ni karibu mara 28 ya sukari.
3. Weka kwenye nyuzi 65 kwa saa 3, gizani.
4. Ondoa rangi iliyozidi. Dondoshea kwenye mstari mmoja wa karatasi nene ya kromatografia, acha ikauke, kisha ipitishie butanoli, ethanoli na maji (4:1:1). Rangi huru hukimbia mbele. Sukari yenye alama hubaki karibu na mahali ulipoianzishia. Ione kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, kata ukanda huo, uchuje sukari kwa maji.
5. Kausha, yeyusha kwenye mikrolita 200 za maji. Ukikadiria kwamba hakuna kilichopotea ni kama 6 mM. Kwa kweli hupotea, hivyo pima sukari kwa njia ya fenoli na asidi ya salfuriki, halafu rekebisha iwe 5 mM.

Usiruke hatua ya 4. Rangi huru ikibaki, kilele chake kwenye kromatogramu huwa kikubwa kiasi cha kufunika vilele vya mwanzo.

UDP-zailosi

Hiki ndicho kitu cha bei kali katika kazi nzima. Huja kama chumvi ya sodiamu yenye uzito wa molekuli wa 580 hivi, kwa hiyo miligramu 0.58 ndani ya mikrolita 100 za maji hutoa 10 mM. Unga huu hufyonza unyevu hewani, na kwa pwani yetu uzito unaosoma kwenye mizani ni sukari pamoja na maji. Thibitisha kwa spektrofotometa: chukua myeyusho wako, upunguze mara 100, usome kwenye nanomita 262. Kama kweli ni 10 mM, utapata karibu 1.0 kwenye kuveti ya sentimita 1. Ukipata 0.7, una 7 mM. Gawanya kidogo kidogo, hifadhi kwenye nyuzi hasi 80, na usiyeyushe kwenye maji yenye asidi, maana kifungo kati ya zailosi na fosfeti huvunjika kwa urahisi.

Maabara yenye uwezo wa kuzalisha protini kwenye E. coli inaweza kutengeneza UDP-zailosi yake kwa kimeng'enya cha UXS, kinachoondoa kaboni dioksaidi kwenye UDP-asidi ya glukuroni. Malighafi hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi.

Mmenyuko

Kwa tyubu moja ya mikrolita 25, kwenye barafu, kwa mpangilio huu:

- maji, mikrolita 0.5
- HEPES 250 mM, pH 6.8, mikrolita 5
- mangani kloraidi 50 mM, mikrolita 1
- DTT 25 mM, mikrolita 1
- Triton X-100 asilimia 5, mikrolita 2.5
- kipokezi 5 mM, mikrolita 2.5
- maikrosomu za miligramu 4 kwa mililita, mikrolita 10
- UDP-zailosi 10 mM, mikrolita 2.5, iwe ya mwisho

Unapokuwa na tyubu nyingi, changanya vitu vya pamoja kwenye tyubu moja kubwa kwanza. Mikrolita 0.5 na 1 zikipimwa moja moja mara ishirini zitakupa matokeo ishirini tofauti.

Vimeng'enya hivi vinatazama ndani ya Golgi, na kifuko kizima kina ukuta unaozuia kipokezi kuingia. Triton hufungua mlango huo. Asilimia 0.5 inatosha, ukifika asilimia 2 unaanza kutenganisha protini zinazofanya kazi kwa pamoja. Bafa ya fosfeti haifai hapa kwa sababu hushusha mangani kama unga mweupe, na myeyusho wa mangani uliogeuka kahawia umeshaoksidishwa, utupwe.

Weka tyubu kwenye nyuzi 20. Kimeng'enya cha ngano hupendelea ubaridi huo. Kwenye nyuzi 37, joto lililozoeleka kwa vimeng'enya vya bakteria na wanyama, shughuli hushuka badala ya kupanda. Bakuli la maji yenye vipande vya barafu na kipimajoto linatosha kama huna mashine ya kupoza.

Simamisha baada ya dakika 0, 15, 30, 60 na 120: tia mikrolita 1 ya EDTA 0.5 M, pasha kwenye nyuzi 95 kwa dakika 5, poza, zungusha kwa 15,000 g dakika 10, chukua maji ya juu.

Pamoja na tyubu hizo ziwepo hizi nne, kila siku ya kazi, bila kubagua:

a) isiyo na UDP-zailosi;
b) isiyo na kipokezi;
c) yenye maikrosomu zilizochemshwa dakika 10 kabla ya kuanza;
d) yenye UDP-glukosi mahali pa UDP-zailosi.

Ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote. Maikrosomu huja na vimeng'enya vya kukata sukari, na baadhi yake vikikata kipande cha zailani huweza kukibandika kwenye kipande kingine. Utaona zailosi saba, hata nane, ambazo hazikutoka kwenye UDP-zailosi hata kidogo. Tyubu (a) ikionyesha kilele cha mnyororo wa zailosi saba, kiasi hicho lazima kitolewe kwenye hesabu, na kikikaribia kile cha tyubu kamili, hakuna ulichopima.

Kusoma matokeo

Kwenye HPLC (mashine inayotenganisha molekuli kwa kuzipitisha kwenye safu), tumia safu ya amidi, myeyusho wa amoniamu fometi 50 mM wenye pH 4.4 na asetonitrili. Anza na asetonitrili asilimia 75 na uishushe hadi 50 ndani ya dakika 40. Kigunduzi kiwashwe nanomita 330 na kisome 420. Minyororo hutoka kwa kufuatana na urefu, mifupi kwanza. Sampuli ichanganywe na asetonitrili ifike asilimia 65 kabla ya kudungwa. Ukizidisha, minyororo mirefu huganda na kubaki kwenye tyubu, na utadhani kimeng'enya chako hakivuki zailosi nane.

Bila HPLC, sahani ya silika hufanya kazi nzuri kuliko sifa yake. Dondoshea mikrolita 2 hadi 3, pitisha butanoli, asidi asetiki na maji (2:1:1), kausha, pitisha tena mara ya pili, kisha tazama chini ya taa ya nanomita 365. Utaona madoa ya bluu yakipangika kama ngazi, mirefu chini. Triton na sukrosi huyavuta madoa, kwa hiyo sampuli ipite kwanza kwenye kifereji kidogo cha kaboni ya grafiti: chumvi na sukrosi huoshwa kwa maji na asetonitrili kidogo, sukari yenye alama hutolewa kwa asetonitrili nyingi zaidi.

Spektrometa ya tungamo ya MALDI, kama ipo chuoni au kwa jirani, hutoa uthibitisho wa haraka. Zailoheksaosi yenye 2-AB pamoja na sodiamu huonekana kwenye 953. Kila zailosi huongeza 132, kwa hiyo tafuta 1085, 1217, 1349.

Je, ni zailani kweli?

Hapa ndipo kazi nyingi huishia njiani. Arabinosi na zailosi zina uzito ule ule, na spektrometa haiwezi kuzitofautisha. Ndani ya Golgi ya mmea kuna kimeng'enya kinachogeuza UDP-zailosi kuwa UDP-arabinosi, na kwenye maikrosomu kimo. Ongezeko la 132 linasema pentosi imeongezwa, basi.

Kata bidhaa yako kwa vimeng'enya viwili, kila kimoja kwenye tyubu yake, ndani ya amoniamu asetati 50 mM, pH 6, nyuzi 37, saa 2. Cha kwanza ni beta-zailosidasi, kinachong'oa zailosi moja moja kutoka ncha ile ile iliyoongezewa. Vilele vya saba, nane na tisa vikirudi nyuma na kuishia kwenye vifupi, zailosi zilikuwa zimeshikana kwa beta. Kilele kinachokataa kurudi kina kitu kingine nchani, na arabinosi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Cha pili ni zailanasi ya familia ya GH11, inayokata katikati ya mnyororo wa beta-1,4. Minyororo yote mirefu inapaswa kuporomoka na kubaki vipande vifupi vyenye rangi. Vikijibu vyote viwili, unaweza kuandika beta-1,4 bila kusita.

Hesabu

Tyubu ina kipokezi cha 0.5 mM ndani ya mikrolita 25, yaani nanomoli 12.5. Jumlisha maeneo ya vilele vyote vyenye rangi, tafuta sehemu ya kila kimoja. Tuseme baada ya dakika 60, ukishatoa tyubu (a), asilimia 8 imekuwa saba na asilimia 2 imekuwa nane. Kilele cha nane kimepokea zailosi mbili, kwa hiyo:

12.5 × (0.08 × 1 + 0.02 × 2) = nanomoli 1.5 za zailosi.

Gawanya kwa dakika 60 na kwa miligramu 0.04 za protini: nanomoli 0.625 kwa dakika kwa miligramu, au pikomoli 625.

Hesabu hii ina maana pale tu ambapo mstari wa muda bado umenyooka. Kipokezi kilichobadilika kikipita asilimia 10, au dakika 120 zikitoa chini ya mara mbili ya dakika 60, punguza protini hadi mikrogramu 20 au tumia muda mfupi. UDP inayojilimbikiza huzuia kimeng'enya, na UDP-zailosi yenyewe huliwa na vimeng'enya vingine vya tando, hivyo mstari hupinda mapema kuliko unavyotarajia.

Mambo yanayokwama

*Hakuna kilele kipya kabisa.* Pima tena UDP-zailosi kwenye 262, kisha jaribu maikrosomu za siku hiyo badala ya za friza. Kama umetia kinga ya protini ya vidonge, soma maelezo yake: vingi vina EDTA, na mangani yako imekwisha. Chagua isiyo na EDTA.

*Kipokezi kinapungua kuelekea tano, nne, tatu.* Beta-zailosidasi ya mmea wenyewe inakata. Osha maikrosomu: zifumue kwenye bafa mpya yenye potasiamu kloraidi 100 mM na uzizungushe tena kwa 100,000 g. Nyingi ya protini hizo ziko nje ya vifuko na huondoka.

*Mashapo ya kahawia.* PVPP haikulowa, au kusaga kulichelewa. Anza upya, shughuli ya mashapo ya kahawia haiaminiki hata ikionekana.

*Vilele vinaongezeka mara moja tu, saba bila nane.* Wakati mwingine ni uhaba wa UDP-zailosi, lakini mara nyingi ni ile arabinosi: ikishakaa nchani, zailosi haiendelei. Rudi kwenye beta-zailosidasi.

*Kifurushi cha dukani cha kupima UDP kwa mwanga (kit) kinatoa namba kubwa ajabu.* Vifurushi hivyo ni vya protini iliyosafishwa. Maikrosomu zina vimeng'enya vinavyovunja UDP-sukari bila kuijenga popote na vingine vinavyogeuza UDP kuwa UMP, kwa hiyo namba huweza kupanda au kushuka bila uhusiano na zailani.

Kupima jeni moja, au sukari nyingine

Jeni yako ikiwa mkononi, iingize kwenye majani ya Nicotiana benthamiana, jamaa ya tumbaku, kwa bakteria wa Agrobacterium wa OD 0.5 (kipimo cha wingi wa bakteria), ukichanganya na ile yenye p19 ya kuzuia jeni kunyamazishwa. Vuna baada ya siku 3 hadi 4, andaa maikrosomu kwa njia ile ile, na kila mara linganisha na majani yaliyopewa p19 peke yake, kwa sababu tumbaku hiyo ina zailani yake. Uwe mwangalifu na tafsiri upande wa pili: mmea uliopoteza IRX9 una zailani fupi na shughuli ndogo, ila IRX9 iliyobadilishwa sehemu inayodhaniwa kufanya kazi bado huurekebisha mmea huo. Protini inaweza kuwa ya lazima kwa mkusanyiko bila kuwa ndiyo inayounganisha sukari.

Kwa mannani, badilisha UDP-zailosi kwa GDP-mannosi na kipokezi kiwe mannoheksaosi; vimeng'enya vyake vya CSLA hupita kwenye utando mara kadhaa na Triton huviumiza, kwa hiyo jaribu dijitonini. Kwa mnyororo wa pektini, vimeng'enya vya GAUT huhitaji UDP-asidi ya galakturoni, ambayo ni ghali zaidi. Ukitumia UDP-glukosi kutafuta selulosi kwenye tando zilizosagwa, karibu kila mara utapata kalosi, beta-1,3, ambayo mmea hujenga unapojeruhiwa. Kabla ya kusherehekea, kata bidhaa kwa beta-1,3-glukanasi na uone kama kuna kinachobaki.